Dripu ya magnesiamu: Inachoweza na isichoweza kumfanyia majeruhi mahututi

KATIKA makabati ya vyumba vya kujifungulia vya hospitali na vituo vya afya humu nchini huhifadhiwa vichupa vya kioo vyenye kiowevu kisicho na rangi wala harufu. Kiowevu hicho ni salfeti ya magnesiamu, dawa ambayo imewaokoa akina mama wengi wanaoshikwa na kifafa cha mimba. Dawa iyo hiyo hutundikwa kando ya vitanda vya wagonjwa mahututi katika hospitali kubwa, wakiwemo majeruhi wa ajali za barabarani na wa risasi.

Hapo ndipo swali linapozuka miongoni mwa jamaa za majeruhi. Ikiwa dripu anayopewa mgonjwa mjini ni ya dawa ambayo ilikuwa kabatini kule nyumbani, mbona hakupewa mapema, kabla ya safari ndefu ya kumfikisha hospitalini?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa mkazi wa Sericho. Wadi hiyo ya eneo bunge la Isiolo Kusini iko upande wa mashariki wa kaunti, ambako mto Ewaso Nyiro huteremka kuelekea kinamasi cha Lorian. Mji wa Isiolo, yaliko makao makuu ya kaunti na hospitali yake kuu, uko zaidi ya kilomita 150 kutoka huko. Mvua inaponyesha, barabara za udongo hugeuka tope na saa za safari huongezeka maradufu. Mtu aliyevunjika paja au kuumia kichwa huko huanza kwa kupambana na masafa kabla ya kupambana na jeraha lenyewe.

Jibu la swali la jamaa hao ni kwamba, kwa majeruhi walio wengi, magnesiamu si dawa ya njiani. Lakini jibu hilo likiachwa hivyo hivyo linaweza kupotosha, kwani kuna majeruhi ambao maisha yao hutegemea madini hayo, na kuna wengine ambao wangeweza kudhuriwa nayo. Kuwatofautisha ni kazi ya vipimo na ya muuguzi anayekaa karibu na kitanda.

KISIMA KICHUNGU CHA EPSOM

Historia ya chumvi hii inaweza kumvutia mfugaji yeyote. Inasimuliwa kwamba mwaka 1618, wakati wa kiangazi kikali, mchungaji mmoja wa mji wa Epsom nchini Uingereza aliona kwamba ng'ombe wake, licha ya kiu, walikataa kunywa maji ya shimo fulani kwa sababu ya uchungu wake. Maji hayo yalipokauka yaliacha chumvi nyeupe, na muda si muda watu wakaanza kumiminika Epsom kuyanywa kama dawa ya kuendesha tumbo. Mwaka 1695 mwanasayansi Nehemiah Grew alichapisha maelezo kuhusu chumvi hiyo, na mwaka 1808 Humphry Davy akaitenga metali yenyewe, yaani magnesiamu.

Mfugaji anayejua visima ambavyo ngamia huvikubali ilhali ng'ombe huvikataa hatashangazwa na kisa hicho.

Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za magnesiamu. Zaidi ya nusu imo katika mifupa, na kiasi kikubwa cha iliyosalia kimo ndani ya misuli na seli nyinginezo. Iliyomo katika damu haifiki hata asilimia moja. Kwa kawaida kipimo cha damu huwa kati ya milimoli 0.7 na 1.0 kwa lita moja.

Kiasi hicho kidogo kina kazi kubwa. Zaidi ya vimeng'enya 300 vya mwili huitegemea magnesiamu, vikiwemo vile vinavyowezesha seli kutumia nishati. Aidha, madini haya hutuliza. Hupunguza msisimko wa neva, hulegeza misuli, hupanua mishipa ya damu na husaidia moyo kudumisha mpigo wake. Yakipungua sana, mgonjwa hutetemeka, misuli hukakamaa, moyo hupiga ovyo na huenda akapatwa na degedege. Yakizidi sana, kila kitu hulegea, hata misuli ya kupumulia.

Chakula ndicho chanzo chake kikuu. Maharagwe, mtama, wimbi, mbegu na mboga za kijani zina magnesiamu nyingi. Unga mweupe uliokobolewa hupoteza sehemu kubwa. Maziwa yana kiasi cha wastani tu. Ndiyo maana maziwa maalumu wanayopewa watoto wenye utapiamlo mkali hospitalini, yale yajulikanayo kama F-75 na F-100, hutiwa magnesiamu pamoja na potasiamu. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kuridhisha, wahudumu wengi wa afya katika kaunti za kaskazini walichanganya maziwa hayo huku wengine, pengine, wasitambue kwamba walikuwa wakitibu pia upungufu wa magnesiamu.

KWA NINI MAJERUHI HUPUNGUKIWA

Tuchukue mfano wa kubuni. Lori lililobeba abiria juu ya shehena linapinduka kwenye njia ya kutoka Modogashe. Kijana mmoja amevunjika paja na kugonga kichwa. Anavuja damu. Siku mbili baadaye yuko katika chumba cha wagonjwa mahututi na vipimo vinaonyesha magnesiamu yake imeshuka hadi milimoli 0.5. Imekwenda wapi?

Sehemu imetoka na damu iliyomwagika. Maji ya chumvi ya kawaida aliyotundikiwa ili kujaza mishipa yake hayana magnesiamu hata chembe, kwa hiyo kila chupa iliyoingia ilizidi kuizimua ile iliyosalia. Damu aliyoongezewa huhifadhiwa kwa sitreti ili isigande, na sitreti hiyo hunasa kalisiamu na magnesiamu. Kama ubongo ulianza kuvimba, yamkini alipewa manitoli, dawa inayovuta maji na kuyatoa kupitia mkojo, na madini hutoka na maji hayo. Kama kidonda kilioza akapewa jentamaisini, dawa hiyo nayo inaweza kuzifanya figo kupoteza magnesiamu.

Iwapo alikuwa na njaa ya muda mrefu kabla ya ajali, jambo lisilo nadra wakati wa ukame, kuna mtego mwingine. Mwili uliozoea kukosa unapoanza kulishwa ghafla, seli huyanyakua madini kutoka katika damu ili kuanza kazi upya. Fosfeti, potasiamu na magnesiamu huporomoka kwa pamoja, na mgonjwa aliyeonekana kupata nafuu huzidiwa siku ya pili au ya tatu ya kulishwa. Hii ndiyo sababu madaktari huwalisha wagonjwa wa aina hiyo kidogo kidogo, hata jamaa wanapolalamika kwamba mtu wao ananyimwa chakula.

Upungufu huu una tabia moja inayowatatiza hata wahudumu wenye uzoefu. Magnesiamu ikiwa chini, potasiamu nayo hushuka, na hata mgonjwa akiongezewa potasiamu chupa kwa chupa, kipimo hakipandi. Katika figo kuna vijilango ambavyo potasiamu hupitia kwenda kwenye mkojo, na magnesiamu ndiyo huvibana. Ikikosekana, vijilango hubaki wazi. Kumwongeza mgonjwa potasiamu pekee katika hali hiyo ni sawa na kutia maji katika mtungi uliopasuka. Kalisiamu nayo hufuata mkondo huo huo, kwa kuwa tezi inayoidhibiti huzembea magnesiamu inapoadimika.

Kwa mgonjwa kama huyo, dripu ya magnesiamu ni tiba ya kweli. Kwa kawaida hupewa gramu moja au mbili polepole, kisha hupimwa tena. Moyo ukianza kupiga kwa ule mtindo wa hatari ambapo mawimbi ya mashine huzunguka kama kamba inayosokotwa, gramu mbili huweza kutolewa kwa dakika chache tu, na hapo hakuna muda wa kungojea majibu ya maabara.

Hata hivyo, yafaa msomaji ajue mpaka wa ushahidi. Uchunguzi mwingi katika vyumba vya wagonjwa mahututi umeonyesha kwamba wale walio na magnesiamu ya chini hufariki kwa wingi zaidi kuliko wenye kiwango cha kawaida. Hilo halithibitishi kwamba upungufu ndio uliowaua. Mtu aliyeumia vibaya zaidi hutoka damu nyingi zaidi, huongezewa maji mengi zaidi na hupewa dawa nyingi zaidi. Kwa hiyo huenda upungufu ni alama ya ukubwa wa jeraha. Kurekebisha kipimo ni jambo la busara, lakini kudai kwamba kila nambari iliyorekebishwa ni roho iliyookolewa ni kuvuka kile kinachojulikana.

Isitoshe, kipimo chenyewe hudanganya. Kwa kuwa damu ina chini ya asilimia moja ya akiba yote, inaweza kuonyesha hali ya kawaida ilhali seli zimekauka.

TUMAINI LILILOVUNJIKA

Sehemu ya kisa hiki inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni ile inayohusu ubongo, kwa sababu hapo ndipo matumaini yalikuwa makubwa zaidi na ndipo yalipoanguka.

Kichwa kinapogongwa, madhara hayamaliziki papo hapo. Seli za ubongo zilizojeruhiwa humwaga kwa wingi kemikali iitwayo glutameti. Kemikali hiyo hufungua malango katika seli jirani, kalisiamu ikafurika ndani, na seli ambazo hazikuguswa na pigo la kwanza zikaanza kufa. Magnesiamu, kwa maumbile yake, hukaa katika malango hayo kama kizibo. Wanasayansi walisema: tukiongeza vizibo mapema, tutaokoa seli. Katika panya wa maabara wazo hilo lilifaulu tena na tena.

Madaktari wa Seattle nchini Marekani wakalijaribu kwa binadamu. Walichukua majeruhi 499 wenye majeraha ya wastani au makali ya ubongo, wakawagawa kwa kura. Wengine wakapewa dripu ya magnesiamu kuanzia ndani ya saa nane baada ya kuumia na kuendelea kwa siku tano, wengine wakapewa dripu isiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Magnesiamu haikusaidia. La kuhuzunisha zaidi, waliopewa kiwango cha chini walipata matokeo mabaya kuliko wenzao wasiopewa, na miongoni mwa waliopewa kiwango cha juu vifo vilikuwa vingi zaidi.

Waliotetea dawa hiyo walisema saa nane ni nyingi mno. Hoja hiyo ilipata jibu, japo kwa ugonjwa tofauti. Mjini Los Angeles, wahudumu wa ambulensi waliwapa wagonjwa wa kiharusi gramu nne za magnesiamu, au dawa bandia, ndani ya saa mbili tangu dalili kuanza, mara nyingi kabla ya kufika hospitalini. Wagonjwa walikuwa 1,700, na ripoti ilitolewa mwaka 2015. Waliopewa magnesiamu hawakupona vizuri zaidi kuliko wenzao. Majaribio kwa wagonjwa waliovuja damu katika utando wa ubongo nayo yaliishia huko huko.

Sababu zinazotolewa ni kadhaa. Ubongo una ukuta unaochuja kinachoingia kutoka katika damu, na magnesiamu kidogo tu ndiyo hupenya. Dawa hiyo pia hupanua mishipa na huweza kushusha shinikizo la damu, nao ubongo uliojeruhiwa hauwezi kustahimili hata dakika chache za shinikizo la chini. Panya wa maabara huumizwa kwa namna moja na kutibiwa kwa saa iliyopangwa; abiria wa lori huumia atakavyoumia.

Kwa hivyo, jamaa wa majeruhi wa kichwa anayedai kwamba mgonjwa wao alinyimwa magnesiamu katika kituo cha mashinani anapaswa kuelezwa hivi kwa upole: hakunyimwa tiba. Kama angepewa akiwa na shinikizo la chini kwa kupoteza damu, angeweza kufika Isiolo katika hali mbaya zaidi.

Lipo jambo moja la kutenga hapa. Mwanamke mwenye mimba ya zaidi ya wiki 20 anayeletwa baada ya kuanguka au ajali, naye ana degedege, huenda hakupata degedege kwa sababu ya kuanguka. Yawezekana alianguka kwa sababu ya kifafa cha mimba. Huyo apimwe shinikizo la damu na mkojo, na magnesiamu ndiyo dawa yake. Ushahidi hapo hauna shaka. Jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba magnesiamu huzuia kurudi kwa degedege kuliko dawa zilizokuwa zikitumiwa wakati huo, na lile la mwaka 2002, lililohusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, likaonyesha kwamba hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mwanamke aliye katika hatari kupatwa na kifafa hicho.

Degedege la majeruhi mwingine yeyote hutulizwa kwa dawa nyingine, kama vile daizepamu.

MWIBA, SAMADI NA PEPOPUNDA

Kuna jeraha ambalo halina kishindo cha lori wala mlio wa bunduki. Ni mwiba uliomchoma mchungaji mguuni, au ukwato wa mnyama uliopasua kidole. Kidonda hufungwa kitambaa na maisha huendelea. Kati ya siku tatu na siku 21 baadaye taya hukakamaa, shingo hupinda nyuma, na kila sauti au mguso humtia mgonjwa mkazo wa misuli wenye uchungu usioelezeka.

Hiyo ni pepopunda. Vijidudu vyake huishi katika udongo na katika kinyesi cha mifugo, kwa hiyo zizi ni makao yake ya kudumu. Sumu yake hupanda kwa njia ya neva na kuzima breki za misuli. Mgonjwa hufa kwa kukosa pumzi, au kwa sababu moyo na shinikizo la damu hupanda na kushuka bila mpango.

Hapa magnesiamu ina nafasi. Hupunguza ujumbe unaotoka kwenye neva kwenda kwenye misuli, na pia hupunguza mmiminiko wa homoni za mshtuko zinazouyumbisha moyo. Madaktari wa Sri Lanka waliitumia ili kuwaepusha wagonjwa na mashine za kupumulia, ambazo zilikuwa adimu. Mwaka 2006 jaribio la wagonjwa 256 katika Jiji la Ho Chi Minh, nchini Vietnam, lilichapishwa. Dripu ya magnesiamu haikupunguza idadi ya waliohitaji mashine ya kupumulia, lakini ilipunguza kiasi cha dawa nyingine zilizohitajika kutuliza misuli na moyo. Kwa hospitali isiyo na akiba kubwa ya dawa za usingizi, hilo si jambo dogo.

Lakini tiba hiyo hudumu kwa siku nyingi na huhitaji chumba chenye uangalizi wa saa 24. Kinachowezekana Sericho ni kukizuia kisa chenyewe: kidonda kuoshwa kwa maji mengi na sabuni, uchafu na nyama iliyokufa kuondolewa, na chanjo kutolewa siku iyo hiyo. Watoto hupewa chanjo ya pepopunda wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na wajawazito huchanjwa kliniki. Mwanamume mzima hana ratiba yake. Mchungaji wa miaka 40 ambaye huenda hakuchanjwa utotoni, na ambaye hushinda malishoni miezi mingi, ndiye aliye wazi zaidi kwa ugonjwa huu na ndiye asiyefikiwa. Ni pengo ambalo wapangaji wa afya wamelizoea kiasi cha kutoliona.

NYUNDO YA GOTINI

Kwa nini basi dawa hii huogopwa? Kwa sababu umbali kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru si mrefu. Katika tiba ya kifafa cha mimba kiwango cha damu hupandishwa makusudi hadi kati ya milimoli 2 na 3.5 kwa lita. Kikivuka hapo, goti likigongwa kwa nyundo ndogo halirushi tena mguu. Kikiendelea kupanda na kupita milimoli 5, pumzi hulegea. Juu zaidi, moyo husimama.

Dalili hizo hufuatana kwa mpangilio huo, na hiyo ni bahati, kwani muuguzi aliye na nyundo na saa ya mkononi anaweza kuigundua hatari kabla haijafika bila maabara yoyote. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza tiba ya kifafa cha mimba huangalia mambo matatu: goti bado linaitika, mgonjwa anapumua angalau mara 16 kwa dakika, na mkojo haujapungua chini ya mililita 30 kwa saa. Hilo la mkojo lina maana kubwa kwa majeruhi. Magnesiamu hutoka mwilini kupitia figo, na majeruhi aliyepoteza damu nyingi au aliyepondeka misuli huweza kuwa na figo zilizosimama kazi. Kwake, dozi ya kawaida hujilimbikiza na kuwa sumu.

Kiuasumu chake ni glukoneti ya kalisiamu, gramu moja inayodungwa polepole mshipani. Kichupa chake kinafaa kuwa kando ya vile vya magnesiamu katika kabati lile lile, na anayekabidhiwa zamu anafaa kuhakikisha kwamba kipo.

Aliyeishi kwa kusahihisha maandishi ya wengine hawezi kuacha kutaja hatari nyingine, ile ya herufi. Katika vyumba vya habari magnesiamu imewahi kuandikwa manganisi, na msomaji akapotoshwa tu. Hospitalini herufi huua. Kifupisho cha kikemia cha salfeti ya magnesiamu ni MgSO4. Kile ambacho madaktari waliwahi kukitumia kwa salfeti ya mofini ni MSO4. Mwaka 2004 shirika linaloidhinisha ubora wa hospitali nchini Marekani liliviweka vifupisho hivyo katika orodha ya visivyoruhusiwa, likaagiza majina yaandikwe kwa ukamilifu. Barua ya rufaa iliyoandikwa upesi usiku kwa mwanga wa tochi inastahili uangalifu uo huo.

KINACHOTANGULIA

Ikiwa magnesiamu si dawa ya njiani, ni kipi kinachofaa kumfikia majeruhi wa Sericho kabla ya dripu yoyote? Damu isimamishwe kwa kugandamiza jeraha kwa nguvu na bila kufunguafungua kitambaa kila mara. Njia ya hewa iwe wazi. Mfupa uliovunjika ufungwe gango. Mgonjwa afunikwe asipate baridi, kwani mwili uliopoa hushindwa kugandisha damu.

Kuhusu dawa, ipo moja iliyofaulu pale ambapo magnesiamu ilishindwa. Asidi ya traneksami huzuia donge la damu lisiyeyuke. Jaribio la majeruhi 20,211 katika nchi 40, lililochapishwa mwaka 2010, lilionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka asilimia 16 hadi asilimia 14.5. Tofauti hiyo yaonekana ndogo kwenye karatasi, ila dawa yenyewe ni ya bei nafuu na inaweza kutolewa na muuguzi. Mwaka 2019 jaribio jingine la majeruhi 12,737 wa kichwa lilidokeza kwamba huwafaa wale ambao jeraha lao la ubongo si kali sana, iwapo watapewa mapema. Sharti lake ni moja na halina mjadala: ndani ya saa tatu. Baada ya hapo faida hutoweka, na kwa mwenye kuvuja damu huweza kugeuka madhara.

Saa tatu, kwa aliye Sericho, huenda zikaisha kabla ya gari kupatikana. Kwa hiyo dawa hiyo ina maana ikiwa iko kituoni, si ikiwa iko Isiolo. Mara nyingi huhifadhiwa mle mle katika chumba cha uzazi, kwa kuwa hutumika pia kwa akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Mhudumu anayepokea majeruhi upande wa pili wa jengo anahitaji kujua kwamba anaruhusiwa kuifuata huko.

Suala la gari na gharama haliwezi kuepukwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Huduma za afya zilihamishiwa kaunti mwaka 2013, na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliunda hazina ya kugharimia dharura, magonjwa sugu na wagonjwa mahututi. Hata hivyo, jamaa wengi wa nyanda hizi bado huanza kwa kuhesabu mbuzi watakaouzwa. Anayeuza mifugo yake ili kumfikisha ndugu yake hospitalini ana haki ya kuelezwa kila dripu ni ya nini, na ana haki ya kuambiwa bila kuzungushwa pale ambapo dripu haisaidii.

Naye mhudumu anayempakia mgonjwa garini ana karatasi moja ya kuandika. Humo mnahitajika saa ya kuumia, si saa ya kufika kituoni. Kiasi cha maji alichotundikiwa. Kila dawa kwa jina lake kamili pamoja na saa iliyotolewa. Kama alichanjwa dhidi ya pepopunda. Na kama amekojoa tangu ajali. Ikiwa ni mjamzito aliyepewa magnesiamu, iandikwe ni gramu ngapi, kwani kwa utaratibu unaotumika sana humu nchini dozi ya kwanza ni gramu 4 mshipani na 10 katika misuli ya makalio, na daktari wa Isiolo asiyejua hilo anaweza kuirudia.